Kasi ya kishikwambi cha bei nafuu: tarakimu zinasema nini, na zinanyamazia nini?

Kishikwambi cha bei ya chini huingia nyumbani kwa shangwe, na mara nyingi humaliza mwaka wake wa pili kwa manung'uniko. Mtoto hufungua kitabu cha somo akabaki akitazama kioo cheupe. Mama huandika ujumbe, na herufi hutokea baada ya vidole kwisha kuandika. Baba huanza kuulizia bei ya kifaa kingine, ilhali ada za shule zinakaribia. Hapo ndipo hutokea kijana wa nyumbani, au fundi wa mtaani, akasema kwamba kifaa hicho hakijafa: kinaweza kuwekewa mfumo endeshi mwingine, prosesa yake ikapandishwa kasi kupita kiwango cha kiwandani, na kikawa kama kipya. Ushahidi anao mkononi, nao ni programu ya kupima inayoonyesha alama zilizopanda.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanahitaji kupimwa kwa makini. Familia inayoamua kati ya kutengeneza cha zamani na kununua kipya inastahili kujua kasi hiyo hutoka wapi, inalipiwa kwa kitu gani, na kama itamfikia yule mtoto anayesubiri kitabu kifunguke.

Kifaa cha kusomea kilichogeuzwa

Mfano ulio wazi kuliko mingine ulitokea nchini Marekani. Mwezi Oktoba 2010, Barnes & Noble, kampuni ya maduka ya vitabu, ilitangaza kifaa kiitwacho Nook Color kwa bei ya dola 249. Mwaka huohuo, iPad ya kwanza ya Apple ilianza kuuzwa kwa dola 499, yaani karibu mara mbili ya bei hiyo. Nook Color haikuuzwa kama kishikwambi bali kama kifaa cha kusomea vitabu na majarida ya rangi. Ilikuwa na kioo cha inchi 7, prosesa ya Texas Instruments yenye kasi ya megahezi 800, kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ya megabaiti 512, na hifadhi ya gigabaiti 8. Ndani yake ulikuwamo mfumo endeshi wa Android, lakini ulifunikwa kwa sura ya duka la vitabu, na mnunuzi hakuachiwa kuweka programu azitakazo.

Wapenzi wa vifaa hawakuchelewa kugundua kilichofichika chini ya sura hiyo. Isitoshe, Nook Color ilikuwa na sifa moja iliyowapa ujasiri: kila ilipowashwa, ilitazama kwanza kama kuna memori kadi yenye mfumo endeshi, na ikiikuta, iliwaka kutokea kwenye kadi hiyo. Mtu aliweza kuujaribu mfumo mpya siku nzima, kisha akachomoa kadi, na mfumo wa kiwandani ukarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kujaribu kukawa hakuna gharama kubwa ya kukosea.

Mwezi Aprili 2011 lilitoka toleo la 7 la CyanogenMod, mfumo mbadala uliojengwa juu ya Android 2.3 na watu waliokuwa wakijitolea. Nook Color ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyoandaliwa toleo lake. Kifaa cha kusomea kikawa kishikwambi kamili chenye barua pepe, ramani na programu za kila namna. Hata Bluetooth ilifufuka, ambayo kiwanda hakikuitangaza ingawa chipu yake ilikuwamo ndani, japo masafa yake yalikuwa mafupi. Na kwa kutumia keneli maalumu, yaani kile kiini cha mfumo kinachozungumza na vyuma vya kifaa, prosesa iliweza kupandishwa kutoka megahezi 800 hadi megahezi 1,100. Mwezi huohuo, Barnes & Noble nayo ikatoa sasisho lake lililoongeza barua pepe na duka dogo la programu.

Kwa hiyo hoja ya kijana wa nyumbani si ndoto. Kifaa cha bei ya chini kiliwahi kufanya zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye boksi lake. Ila tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: mfumo mpya ulikipa kifaa kazi mpya, na kupandisha kasi kulikipa tarakimu mpya. La kwanza lilikuwa na faida kubwa kuliko la pili.

Mapigo ya prosesa

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa wapiga makasia wanaovuta kwa sauti moja. Megahezi 800 ni mapigo milioni 800 kwa kila sekunde. Sauti ikiharakishwa, makasia huvutwa mara nyingi zaidi na jahazi husonga mbele, mradi wavutaji wanaweza kuifuata. Asiyeweza hukosea, na makasia hugongana.

Viwanda hukadiria uwezo huo kwa tahadhari. Chipu zinazotoka katika mtambo mmoja hazilingani kabisa; moja huvumilia mapigo ya kasi na nyingine huchoka mapema. Mtengenezaji huchagua kiwango ambacho chipu zote zitakimudu, katika joto la mchana na kwa betri aliyoiweka, kwa miaka kadhaa. Nafasi iliyobaki kati ya kiwango hicho na ukomo wa chipu yako ndiyo inayotumiwa na mwenye kuongeza kasi. Nafasi hiyo hutofautiana kutoka kifaa hadi kifaa. Miongoni mwa wenye Nook Color wapo waliovuka megahezi 1,100 bila tatizo, na wapo ambao vifaa vyao viliganda kabla ya kufika huko. Jirani kufanikiwa si dhamana kwamba na wewe utafanikiwa.

Joto hupanda kuliko kasi

Ili prosesa iweze kufuata mapigo ya haraka, mara nyingi hulazimika kuongezewa volti. Hapa kuna hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuifanya. Nguvu inayotumiwa na prosesa ikiwa kazini hulingana na kasi ya mapigo ikizidishwa kwa volti, kisha ikazidishwa tena kwa volti ileile. Kupanda kutoka megahezi 800 hadi 1,100 ni ongezeko la asilimia 37.5. Tuseme, kwa mfano, volti nayo imepandishwa kwa asilimia 10 tu. Nguvu itakuwa 1.375 mara 1.1 mara 1.1, jibu ambalo ni kama 1.66. Kasi imepanda kwa asilimia 37.5, lakini nguvu inayonywewa wakati wa kazi nzito imepanda kwa asilimia 66, na takriban yote hugeuka kuwa joto.

Kishikwambi hakina feni. Joto lake hutoka polepole kupitia kioo na mgongo wa plastiki, na betri imelala palepale kando ya prosesa. Betri za lithiamu huchakaa haraka zaidi zinapokaa kwenye joto. Vifaa vya kisasa hujilinda kwa kupunguza kasi vyenyewe vinapopata moto, na ndiyo maana kifaa kilichopandishwa kinaweza kung'ara dakika ya kwanza, kisha dakika ya kumi kikarudi pale kilipokuwa, au chini yake.

Kuganda na kujizima ni makosa yanayoonekana. Baya zaidi ni lile lisiloonekana: prosesa iliyosukumwa kupita uwezo wake inaweza kukosea hesabu moja kati ya mabilioni, na kosa hilo likaandikwa kwenye hifadhi. Picha ya mtoto haifunguki, au hati ya kazi ya shule imeharibika, na hakuna anayekumbuka kulihusisha jambo hilo na megahezi zilizoongezwa mwezi uliopita.

Kasi iliyoandikwa na kasi inayoonekana

Chukua kazi moja ya kila siku, kama kufungua kitabu kikubwa cha picha. Tuseme huchukua sekunde 10. Katika hizo, sekunde 4 ni za prosesa kufanya hesabu, na sekunde 6 ni za kungoja data itoke kwenye hifadhi. Ukipandisha prosesa kwa asilimia 37.5, zile sekunde 4 zitashuka hadi takriban 2.9, lakini zile 6 zitabaki palepale. Kazi iliyochukua sekunde 10 sasa inachukua sekunde 8.9. Umepata asilimia 11, si 37.5. Na kama kinachosubiriwa ni intaneti dhaifu, faida hukaribia sifuri.

Wenye Nook Color walijifunza jambo hili kwa njia ya memori kadi. Kadi hizo huandikwa daraja: daraja la 4 huahidi kuandika megabaiti 4 kwa sekunde, na daraja la 10 huahidi megabaiti 10. Mtu mwenye busara angenunua daraja la 10. Lakini ahadi hiyo inahusu kuandika faili moja ndefu mfululizo, kama video. Mfumo endeshi haufanyi kazi hivyo. Husoma na kuandika vipande vidogo vidogo maelfu, kimoja huku na kingine kule. Katika kazi hiyo, baadhi ya kadi za daraja la 4 zilizishinda kadi nyingi za daraja la 10 za wakati huo, na wazoefu walizipendekeza kwa wageni. Aliyebadilisha kadi aliweza kuona nafuu kubwa kuliko aliyepandisha prosesa, na bila joto lolote. Tarakimu ya daraja haikuwa ya uongo. Ilijibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza.

Alama na wanaozitengeneza

Wakati huo, programu ya kupima iliyopendwa na wengi ilikuwa Quadrant. Ilipima prosesa, kumbukumbu, kusoma na kuandika kwenye hifadhi, pamoja na michoro, kisha ikayafumbata yote katika tarakimu moja. Urahisi huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Mtu aliyebadilisha namna faili zinavyohifadhiwa aliweza kuipandisha sehemu moja sana, jumla ikaruka, na kifaa kikaonekana kuvipita vingine ambavyo kwa matumizi ya kawaida kilikuwa nyuma yao. Jumla haikumwambia msomaji ongezeko limetoka wapi.

Watengenezaji wakubwa nao hawakusalimika na kishawishi hicho. Mwaka 2013, wachambuzi wa AnandTech walieleza kwamba simu ya Samsung Galaxy S4 iliruhusu chipu yake ya michoro kufika megahezi 533 inapotambua programu fulani za kupima, ilhali katika michezo ya kawaida ilikomea megahezi 480. Mwaka 2018, kampuni ya UL, inayotengeneza kipimo cha 3DMark, iliondoa baadhi ya simu za Huawei katika orodha yake ya alama kwa sababu zilijiongezea nguvu zilipoitambua programu hiyo kwa jina. Huo ni mfano wa mfanyabiashara anayerekebisha mizani anapomwona mkaguzi anaingia dukani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la vifaa hivi vyote viwili hujitembeza, na hutembea kwa tarakimu. Hata leo vipo vishikwambi vya bei ya chini vinavyotangazwa kuwa na RAM kubwa, kumbe sehemu yake ni hifadhi ya kawaida iliyoazimwa kufanya kazi ya RAM, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM halisi. Ukiona muuzaji ameandika gigabaiti 8, muulize ngapi ni za asili na ngapi ni za kuazima.

Kupima kwa haki nyumbani

Haya yote hayamaanishi kwamba kupima hakuna maana. Maana yake ni kwamba kipimo cha familia kitoke katika kazi za familia. Chagua kazi 3 ambazo kifaa hufanya kila siku: kuwaka hadi kuwa tayari, kufungua kitabu cha somo, kuanzisha simu ya video na ndugu walio mbali. Tumia saa ya kuhesabu sekunde iliyo kwenye simu nyingine.

Hakikisha mazingira ni yaleyale kabla na baada ya mabadiliko: betri iwe na chaji inayolingana, kifaa kisiwe kimetoka kwenye jua wala kwenye chaja, na programu nyingine zifungwe. Rudia kila kazi mara 5, andika matokeo yote kwenye karatasi, kisha uyapange kutoka dogo hadi kubwa na kuchukua lile la katikati. Usichukue lile bora peke yake. Hilo ndilo muuzaji angelichagua. Halafu cheza video dakika 20 mfululizo na upime tena kifaa kikiwa na joto, kwa kuwa ndivyo mtoto atakavyokitumia. Mwisho, tazama betri imeshuka asilimia ngapi kwa saa 1 ya kazi ileile.

Baada ya kipimo hicho, mazungumzo na fundi hubadilika. Humuulizi tena alama ni ngapi, bali kitabu kinafunguka kwa sekunde ngapi.

Anzeni na yasiyo na hatari

Mara nyingi kinachokifanya kifaa kisuesue ni hifadhi iliyojaa na RAM iliyoelemewa, si mapigo ya prosesa. Futeni programu zisizotumika, hamisheni picha na video kwenye kompyuta au kwenye memori kadi, na acheni nafasi ya kutosha kwenye hifadhi. Tumieni matoleo mepesi ya programu pale yanapopatikana. Katika mipangilio ya wasanidi ya Android kuna sehemu ya kupunguza muda wa madoido ya madirisha yanapofunguka na kufungwa. Ukiupunguza hadi nusu, kifaa huonekana chepesi papo hapo. Hili likishindikana, nakilini mafaili yote mahali pengine na kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kisha pimeni tena.

Ikiwa bado mnataka mfumo mbadala, kuna maswali ambayo lazima yajibiwe kwanza. Je, kifaa chenu hasa, kwa namba yake ya muundo, kimo katika orodha ya mradi unaoaminika? CyanogenMod ilifungwa mwishoni mwa 2016, na mrithi wake ni LineageOS, ambayo huchapisha orodha ya vifaa inavyovihudumia. Vishikwambi vingi vya bei ya chini havimo, na kuweka mfumo wa kifaa kingine kwa kubahatisha ni njia ya haraka ya kukiua kifaa. Pakueni faili kutoka kwa mradi wenyewe, si kutoka kwa mtu aliyelipakia upya, kwani anayeubadilisha mfumo endeshi anaweza kuingiza ndani yake chochote apendacho.

Jueni pia kwamba kufungua kufuli la mfumo kwa kawaida hufuta kila kilichomo, kunaweza kuvunja dhamana, na hukiacha kifaa na ulinzi hafifu kikiangukia mikononi mwa mwizi. Programu nyingi za benki na baadhi ya huduma za pesa kwa simu hukataa kufanya kazi kwenye kifaa kilichobadilishwa. Nyumba ambayo kishikwambi ndicho kinacholipia ada na umeme haina sababu ya kukifanyia majaribio.

Na kama, baada ya yote hayo, kijana ataruhusiwa kupandisha kasi, apande hatua moja moja, apime uthabiti kwa saa kadhaa katika kila hatua, na asiweke kasi mpya ijitekeleze kila kifaa kinapowaka hadi aithibitishe; vinginevyo kifaa kinaweza kuganda kila kinapojaribu kuwaka. Betri ikionekana kuvimba, au mgongo wa kifaa ukianza kuachana na fremu yake, zimeni kifaa, msikichaji tena, na mkipeleke kwa fundi anayefahamu betri. Kisilale chini ya mto wa mtoto hata usiku mmoja.

Ipo pia njia ambayo mashabiki wa alama huisahau: kushusha kasi. Kurasa za kitabu hazihitaji megahezi 1,100. Keneli zilezile zilizoruhusu kupanda ziliruhusu pia kuweka ukomo wa chini, na kwa mtoto anayesoma tu, ukomo huo hupunguza joto na unaweza kuipa betri muda zaidi.

Mwacheni kijana mwenye hamu ajifunze, kwa kuwa elimu ya kukijua kifaa hadi ndani ya kiini chake ina thamani kubwa. Lakini ajifunzie kwenye kifaa ambacho familia imeridhika kukipoteza. Kile cha masomo na cha malipo kipimwe kwa sekunde za kazi zake, kisafishwe, na kiachwe katika kasi yake ya kiwandani.